Kukata miti Soweto: bei mwisho Jumatano!

Wadau, mimi kazi yangu ni kupogoa na kuangusha miti hapa Soweto, Mbeya. Mashine inakunywa petroli, na EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Mei 2022 lita moja Dar iliruka kutoka shilingi 2,861 hadi 3,148, huku kwetu juu zaidi. Na mimi nilishapatana milingoti mitatu! Mwenye kirikuu cha kubeba magogo naye akapandisha. Vijana wangu wawili niliwalipa kwa kuuza simu. Siku hizi bei nikikutajia, mwisho wake Jumatano hiyo, ikipita tunaongea upya. Kuni naziomba kwenye mapatano, mamantilie wananunua fasta. Ila mti ulioegemea nyaya, hata njaa iume vipi, siupandi mpaka TANESCO wazime umeme.