MOTO WA NYIKA: Kwa nini onyo lisilotaja mahali halimwokoi mtu

MNAMO Februari 6, 2009, kiongozi wa serikali ya jimbo la Victoria nchini Australia, John Brumby, aliwaonya wakazi kwamba siku iliyokuwa ikifuata huenda ingekuwa mbaya kuliko zote katika historia ya jimbo hilo. Watabiri wa hali ya anga walikuwa wamekwisha kusema kwamba joto lingepita nyuzi 40 na pepo kavu zingevuma kutoka bara, ilhali nyasi na misitu ilikuwa imekauka kutokana na ukame wa miaka mingi. Magazeti yaliandika, redio zikarudia.

Keshoye, Jumamosi, joto jijini Melbourne lilifika nyuzi 46.4. Moto ulizuka katika sehemu nyingi za jimbo. Hesabu ilipokamilika, watu 173 walikuwa wamefariki na nyumba zaidi ya 2,000 kuteketea.

Iwapo umma ulionywa siku nzima kabla ya mkasa, mbona wengi hivyo waliangamia, baadhi yao wakiwa majumbani mwao?

Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na jaji mstaafu Bernard Teague ilitoa ripoti yake ya mwisho Julai 2010, ikiwa na mapendekezo 67. Sababu ilizozitaja ni nyingi, kuanzia nyaya kuukuu za umeme hadi sera ya miaka mingi iliyomwambia mwananchi aondoke mapema au abaki kuilinda nyumba yake. Ila kuna moja inayotuhusu sisi tunaoishi kwa kuandika na kusoma habari. Watu walijua kuwa siku hiyo ni ya hatari. Hawakujua kuwa moto ulikuwa unaelekea kijijini mwao.

Moto ulioua wengi zaidi, watu 119, ulianza kabla ya adhuhuri karibu na mji mdogo wa Kilmore East baada ya waya wa umeme kukatika. Ulivuka barabara kuu na kuingia milimani. Katika kituo kimoja cha uratibu, maafisa waliona jinsi unavyokwenda na wakaandaa taarifa za kuwaonya wakazi wa Kinglake na vitongoji jirani. Taarifa hizo hazikutolewa wakati huo, kwani kwa mujibu wa taratibu moto huo ulihesabiwa kuwa chini ya kituo kingine, na ni kituo hicho kilichopaswa kutoa onyo. Maneno yalikuwa yameandikwa na yalikuwa sahihi, lakini yakabaki mezani.

Jioni upepo ukabadilika. Hapa yafaa kueleza jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii. Moto unaosukumwa na upepo wa upande mmoja hurefuka kama ulimi. Mbele yake ni pembamba, nazo mbavu zake huenda zikawa na urefu wa kilomita nyingi. Upepo ukigeuka na kuvuma kutoka ubavuni, ubavu huo wote hugeuka kuwa uso wa moto. Aliyekuwa akiutazama ukipita mbali na kumshukuru Mungu hujikuta ndiye aliye mbele yake. Badiliko hilo la upepo lilikuwa limetabiriwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuufasiri utabiri huo kwa lugha ya kijiji: kwamba upepo ukigeuka jioni, watakaofikiwa na moto ni watu wa mahali fulani, hivyo waondoke sasa.

Kosa la aina nyingine lilitokea mjini Lahaina, katika kisiwa cha Maui jimboni Hawaii, Marekani, mnamo Agosti 8, 2023. Alfajiri hiyo upepo mkali uliangusha nyaya za umeme na nyasi zikashika moto pembezoni mwa mji. Wazimamoto waliushughulikia, na kabla ya adhuhuri kaunti ikatangaza kwamba moto ulikuwa umezingirwa kwa asilimia 100. Wakazi walitulia. Muda mfupi kabla ya saa tisa alasiri, moto ulizuka tena mahali pale pale. Uchunguzi ulibainisha baadaye kwamba ulikuwa ni ule ule wa asubuhi, uliokuwa umejificha ardhini. Kufikia usiku, mji wa kale wa Lahaina ulikuwa majivu, na waliofariki walizidi 100.

Kisiwa hicho kina takribani ving'ora 80 vya tahadhari, ambavyo hujaribiwa kila mwezi. Siku hiyo havikulia. Mkuu wa idara ya dharura ya kaunti alijitetea kwamba wakazi wamezoea kuvihusisha ving'ora na mawimbi ya tsunami, na kwamba vingelia, wangekimbilia upande wa mlima ambako moto ulikuwa unatoka. Alijiuzulu siku chache baadaye. Arafa zilitumwa kwenye simu, lakini umeme ulikuwa umekatika na mitambo ya simu kuzimika, hivyo wengi hawakuzipata.

Utetezi ule ulikosolewa vikali, na kwa haki, kwani tovuti ya serikali yenyewe iliutaja moto wa nyika kuwa miongoni mwa mambo ambayo ving'ora hivyo vingeyatangaza. Hata hivyo, ndani yake mna ukweli ambao haufai kupuuzwa. King'ora ni sauti tupu. Humwambia mtu kuwa kuna hatari. Hakimwambii ni hatari gani, inatoka wapi, wala akimbilie wapi. Kwa sababu hiyo, mahali ambapo mambo hupangwa vyema, wakazi hufundishwa kwamba wasikiapo king'ora wafungue redio.

Turudi kwenye neno lile la asubuhi, kwa kuwa linatugusa moja kwa moja sisi wahariri wa Kiswahili. Lugha ya wazimamoto hutofautisha hatua tatu. Kwanza, moto huzingirwa, yaani mkanda wa ardhi iliyofyekwa au kulowanishwa huuzunguka ili usisambae. Pili, hudhibitiwa, ambapo nguvu zake zimevunjwa na hautarajiwi kuuvuka mkanda huo. Tatu, huzimwa, maana yake hakuna tena kaa lenye joto. Kati ya hatua ya kwanza na ya tatu huweza kupita siku nyingi, hasa pale ambapo mizizi na mboji huendelea kufukuta chini kwa chini.

Katika magazeti yetu hatua zote tatu huitwa "kudhibitiwa". Nimelipitisha neno hilo mezani kwangu mara nyingi bila kumuuliza mwandishi amemaanisha lipi. Msomaji anayeishi kando ya msitu akiona kichwa kisemacho moto umedhibitiwa, huwarejesha ng'ombe malishoni na watoto nyumbani. Iwapo kumbe umezingirwa tu, habari hiyo imemweka hatarini kuliko ambavyo kimya kingemweka.

Nasi tuna moto wetu. Machi 2012 sehemu kubwa za nyika ya Mlima Kenya ziliungua kwa siku kadhaa, na ikabidi wanajeshi wa Uingereza wanaofanyia mazoezi Nanyuki waungane na wenzao wa Kenya, walinzi wa wanyamapori na wanavijiji kuupiga moto kwa matawi na majembe. Oktoba 2020 ilikuwa zamu ya majirani zetu wa Kilimanjaro. Februari 2022 moto ulizuka katika msitu wa Aberdare, ambako mito inayolipatia jiji la Nairobi sehemu kubwa ya maji yake huanzia. Vyanzo vinavyotajwa kila mara ni vile vile: warina asali wanaotumia moshi kufukuza nyuki, wachomaji makaa, wafugaji wanaochoma nyasi kuukuu ili majani mabichi yachipuke, pamoja na wenye nia mbaya. Tusisahau pia moto wa mashamba ya miwa katika maeneo ya magharibi, ambao mara nyingi huishia kwenye kurasa za ndani.

Hadi sasa hasara kubwa ya moto wa milimani hapa nchini imekuwa misitu, wanyama na maji, si miji mizima. Hilo lisitutulize. Mashamba yamepanda hadi ukingoni mwa misitu katika Nyeri, Nyandarua, Laikipia, Meru na Kirinyaga, na palipo na shamba pana nyumba ya mbao, ghala la nyasi kavu na shule ya msingi.

Nani basi humwonya mkazi wa ukingoni? Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, huduma za kuzima moto na kukabiliana na majanga ni jukumu la kaunti. Msitu wenyewe uko chini ya Shirika la Huduma za Misitu (KFS), na mbuga ya kitaifa iliyomo ndani yake iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Utabiri wa upepo hutoka kwa Idara ya Hali ya Hewa. Chifu yuko chini ya Serikali Kuu. Kila mmoja ana kazi yake halali, na palipo na walinzi wengi wa namna hii ndipo onyo huweza kulala mezani, kama lilivyolala Australia, kila mmoja akidhani ni la mwenzake. Kaunti ambayo haijaandika, kabla ya kiangazi cha Januari, ni afisa gani mwenye mamlaka ya kutangaza "ondokeni" na nani anashika nafasi yake akiwa safarini, haijajiandaa hata kama ina magari kumi mapya ya zimamoto.

Waaustralia walijifunza kwa gharama kubwa. Siku hizi maonyo yao yana ngazi tatu, na jina la kila ngazi linaeleweka kwa raia wa kawaida: ya kwanza humpa taarifa tu, ya pili humtaka aanze kuchukua hatua, na ya tatu humwambia kuwa maisha yake yamo hatarini wakati huo huo. Vipimo vya hatari ya siku navyo vilipunguzwa Septemba 2022 hadi vinne, kila kimoja kikiwa na agizo lake. Kabla ya hapo ngazi zilikuwa nyingi, na wananchi hawakujua ya tatu inatofautianaje na ya nne. Hakuna sababu ya kutuzuia kuwa na mpango kama huo kwa Kiswahili, Kikuyu, Kimeru na Kimaasai, ukisomwa na stesheni za redio ambazo wakazi husikiliza wakiwa shambani.

Wataalamu wa majanga wanaafikiana kwamba mtu hakimbii asikiapo onyo la kwanza. Hutoka nje kuangalia moshi, humpigia shemeji yake, huuliza jirani. Huo si ujinga. Ndivyo binadamu alivyo. Kwa hivyo onyo halina budi kurudiwa kupitia njia kadhaa, likiwa na maneno yale yale: redio, arafa, kipaza sauti cha msikiti, kengele ya kanisa au ya shule, pikipiki ya mzee wa mtaa. Redio ikisema saa nane na chifu akisema saa kumi, mkazi atamwamini anayempa muda mrefu zaidi.

Kadhalika, mahali patajwe kwa alama ambazo watu huzitumia. "Upande wa kaskazini-mashariki wa hifadhi" ni lugha ya ramani. Mkazi anaelewa mto, soko, shule na barabara ya lami. Onyo linalotosha laweza kuwa fupi kama hili: moto umevuka mto fulani, unaelekea soko fulani, huenda ukafika kabla ya saa kumi jioni, walio juu ya barabara washuke sasa hadi uwanja wa shule fulani. Saa iliyotolewa nayo itajwe, kwani ujumbe husambazwa tena na tena na huweza kumfikia mtu ukiwa umechacha.

Washuke, si wapande. Moto hupanda mlima kwa kasi, kwa sababu miale yake huikausha na kuipasha joto nyasi iliyo juu yake kabla haijaifikia. Kanuni inayotumiwa na wazimamoto ni kwamba kwa kila nyuzi 10 za mwinuko kasi hiyo huongezeka takribani maradufu. Mchana upepo wa mlimani nao huelekea juu. Moto ulioonekana mdogo saa tatu asubuhi, umande ungali majanini, si moto ule ule ifikapo saa nane.

Ndani ya boma, maandalizi hayahitaji fedha nyingi. Nyasi zifyekwe kuzunguka nyumba, kuni na majani makavu yaondolewe ukutani, kwani nyumba nyingi huwashwa na cheche zinazotangulia mbele ya moto kuliko ndimi zenyewe. Familia ikubaliane mapema nani atamshika nyanya mkono, nani atakwenda shuleni, na ng'ombe watafunguliwa na nani. Hili la ng'ombe si dogo. Mzee hataondoka akiacha mifugo imefungwa, na agizo la kuhama lisilosema mifugo ipelekwe wapi litapuuzwa. Kitambulisho, dawa na maji viwe katika mfuko mmoja. Nguo ziwe za pamba au sufu, kwa maana nailoni huyeyuka na kugandamana na ngozi.

Anayeuona moto wa kwanza naye ni mtoaji habari. Namba za dharura nchini ni 999 na 112, na Msalaba Mwekundu hupatikana kwa 1199. Mpigaji aanze kwa kutaja mahali, halafu moto unaelekea wapi, halafu kama kuna watu ndani. Jina lake na maelezo ya nani aliuwasha yaje mwisho. Mtandao wa simu ukingoni mwa msitu hukatika bila taarifa, na mahali ndilo neno ambalo anayepokea anapaswa kuwa amekwisha kulisikia.