Mgongo wangu ulinifundisha kusema hapana

Leo tuongee habari ya yoga. Usicheke kwanza. Hata mimi nilicheka.

Mimi ni binti wa Nachingwea, na kwetu, kama kwa wengi huku, ni korosho. Ikifika Oktoba kazi ni moja: kuinama chini ya mikorosho tangu asubuhi, kuokota, kutenganisha korosho na bibo, kujaza ndoo, kubeba. Msimu ukiisha unashika jembe, unakwenda kwenye ufuta. Nilipofika miaka 21 mgongo ulikuwa unaniuma kama wa bibi kizee. Nikimwambia mama, jibu lake ni, "Vumilia mwanangu, ndiyo kazi." Basi nikavumilia. Kwa kuvumilia nilikuwa hodari. Unyagoni tulifundwa hivyo, shuleni hivyo hivyo, na hata kwa mchumba nilivumilia.

Siku moja nikaenda Dar es Salaam kwa dada, mtoto wa mama mkubwa. Asubuhi namkuta ametandika mkeka, amepiga magoti, paji la uso liko chini, mikono ameinyoosha mbele. Nikamwuliza, "Dada, unaumwa?" Akacheka. "Hii ni yoga, mdogo wangu. Njoo ujaribu."

Yoga ni kitu gani hasa?

Ni mazoezi yaliyoanza India maelfu ya miaka iliyopita. Yana mambo matatu: kunyoosha viungo, kupumua kwa mpango na kutuliza mawazo. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga. Wala si mambo ya mbali. Jirani zetu wa Nairobi wana Africa Yoga Project, iliyoanza mwaka 2007. Imewafundisha vijana wengi wa mitaa ya watu wa kipato cha chini mpaka wakawa walimu, na kazi hiyo inawapa riziki.

Je, ni dini?

Niliporudi nyumbani bibi alinijia juu: "Unaabudu nini humo uani?" Swali lake lilikuwa la haki. Yoga ilizaliwa katika mila za kidini za India, na wapo wanaoifanya kama ibada mpaka leo. Lakini wengi duniani hufanya mazoezi na pumzi tu, bila nyimbo wala sala. Hata Saudi Arabia iliruhusu yoga ifundishwe kama michezo mwaka 2017. Nilimweleza bibi hivyo, nikamwonyesha ninachofanya. Akaguna, akaniacha. Kama una wasiwasi, zungumza na shehe au mchungaji wako.

Somo la kwanza: pumzi kabla ya jibu

Ukikasirika au ukiogopa, mwili unamwaga homoni iitwayo adrenalini. Moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, mdomo unatangulia akili. Ukitoa pumzi polepole, mishipa ya fahamu huuambia moyo upunguze mwendo. Mdogo wangu alipopoteza pesa ya salfa ya mikorosho, mkono wangu ulikuwa tayari hewani. Nikatoa pumzi mara tano, mkono ukashuka. Pesa haikurudi, ila mtoto hakupigwa, na jioni alinieleza mwenyewe ilivyopotea.

Somo la pili: maumivu yana lugha mbili

Hili ndilo kubwa. Msuli unapovutika unasikia mkazo, nao unapungua kadiri unavyopumua. Huo unaweza kuuvumilia. Lakini maumivu makali, ya kuchoma kama sindano, yanakwambia "acha". Dada aliniambia, "Ukisikia hayo, rudi nyuma. Hapa hakuna zawadi ya kuumia."

Kwangu hilo lilikuwa jipya. Nilikuwa sijawahi kuambiwa kwamba naruhusiwa kurudi nyuma.

Nilikuwa na mchumba Ruangwa, dereva wa bodaboda. Kondomu alikuwa hataki hata kuisikia. "Ukinipenda utavumilia," ndiyo ilikuwa kauli yake. Kila akisema hivyo tumbo langu lilikaza, nami nikanyamaza. Siku moja tumbo lilipokaza nililitambua: hii ni ile lugha ya "acha". Nikavuta pumzi, nikatoa. Nikamwambia, "Hapana. Bila kondomu sitaki. Na twende wote tukapime."

Aliwasha pikipiki akaondoka. Nililia, sikufichi. Lakini nilikwenda kituo cha afya peke yangu nikapima, na usiku ule nililala kama mtoto.

Somo la tatu: angalia mkeka wako

Siku hizi nikienda Ruangwa kwa biashara ya ufuta, nafanya mazoezi na wasichana wachache. Ruangwa ni mji wa mpira, hasa tangu Namungo FC ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2019, na kila mtu anataka kushinda. Mmoja anagusa vidole vya miguu, mwingine anaishia magotini. Wote wako sawa. Ukimtazama jirani unajivuta kupita kiasi, na hapo ndipo unapoumia.

Jaribu mwenyewe

1. Piga magoti kwenye mkeka, kalia visigino. Inama mpaka paji la uso liguse chini, mikono mbele. Kaa hapo kwa pumzi kumi.

2. Simama kwa mikono na magoti. Ukivuta pumzi, shusha tumbo na inua kichwa. Ukitoa, pindisha mgongo juu kama paka. Rudia mara kumi.

3. Lala chali. Vuta pumzi ukihesabu nne, toa ukihesabu sita. Dakika tano zinatosha.

Fanya kabla hujala. Na shambani usiiname kutwa: chuchumaa, badilisha mkao, nyooka kila baada ya muda.

Angalia sana!

Yoga haitibu malaria, kifua kikuu wala VVU. Kama unatumia dawa, usiache. Mama mjamzito aulize kwanza kliniki. Na kama mgongo unauma baada ya kuanguka, au mguu unakufa ganzi, au mkojo unakutoka bila kujua, wahi hospitali.

Mgongo wangu bado unachoka msimu wa korosho. Lakini sasa naujua unasema nini, na mama naye ameanza kukaa chini kupumzika bila kuona aibu. Wewe je, ni jambo gani unalivumilia wakati mwili wako unakwambia "acha"? Tandika mkeka, upumue, halafu ujijibu.