Baiolojia na Mahindi ya Ghalani

Kamati za parokia zinapopanga bajeti ya shule, swali hili hurudi mara kwa mara: kuna haja gani ya kugharimia somo la Baiolojia wakati watoto wengi watarudi shambani? Wafadhili nao huuliza. Tulijibu kwa mfano wa mahindi.

Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakavimba, maini yakashindwa kufanya kazi. Walikuwa wamekula mahindi yaliyohifadhiwa kabla ya kukauka. Mwaka 2016 msiba wa aina hiyo ulifika Dodoma na Manyara.

Chanzo ni sumukuvu. Kuvu ni kiumbe hai. Huishi udongoni, mbegu zake hupeperushwa na upepo, na hushambulia zaidi mmea uliodhoofishwa na ukame. Mahindi yakiwekwa ghalani na unyevu, huzaliana na kutoa sumu. Mama akipika ugali, moto huua kuvu lakini sumu hubaki, kwa sababu joto la jikoni haliiondoi. Kumpa ng'ombe mahindi hayo si suluhisho pia, maana sumu hupita kwenye maziwa.

Ni kweli bibi zetu walichambua punje mbovu bila kukanyaga darasani, na kuchambua kunapunguza sumu kweli. Lakini punje inayoonekana safi inaweza kuwa nayo, na hapo macho peke yake hayatoshi.

Mfano mwingine ni Aflasafe, iliyosajiliwa Tanzania mwaka 2018. Mkulima hutawanya shambani punje za mtama zilizopakwa kuvu wa jamii ileile, ila wasiotengeneza sumu. Hawa huwahi nafasi na chakula, wale wabaya wakakosa pa kukaa. Mwambie mtu anunue kuvu ili ajikinge na kuvu, atakucheka. Aliyefundishwa jinsi viumbe vinavyogombea makazi ataelewa, na atawaeleza majirani.

Mwalimu hana haja ya kusubiri maabara. Achukue chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, atie mahindi hadi theluthi moja, aongeze chumvi kavu kidogo, atikise kwa dakika chache na kuiacha itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15, na mahindi yarudi juani, juu ya turubai na si juu ya udongo. Isiponata bado yaanikwe zaidi kama yatakaa miezi mingi, kwani yanatakiwa kufika 13 au chini yake.

Hadubini inaweza kuja baadaye. Chupa na chumvi vianze msimu huu, kabla magunia ya chakula cha wanafunzi hayajaingizwa stoo.