MWALIMU WA HISTORIA NI SHAHIDI

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, anapofariki mwalimu mstaafu, jamaa husimama mbele ya waombolezaji na kusoma wasifu wake. Alizaliwa mwaka fulani, aliajiriwa mahali fulani, alihamishwa, alistaafu, ameacha watoto na wajukuu. Maneno hayo ni ya heshima. Lakini ikiwa marehemu ni bibi aliyefundisha historia, twasema wazi kuwa wasifu huo haujamtendea haki. Umetaja vituo vyake vya kazi, haukutaja aliyoyaona.

Na tuyatazame aliyoyaona. Mwanamke aliyezaliwa Geita mwaka 1950 alikuwa na miaka minane wakati wananchi wa huko walipoipinga halmashauri ya watu wa rangi mbalimbali waliyowekewa na wakoloni, maelfu wakaenda hadi Mwanza kupeleka malalamiko yao. Alikuwa na miaka 11 Tanganyika ilipojipatia Uhuru, na 16 mgodi wa zamani wa Geita ulipofungwa mwaka 1966. Mwaka 1974, akiwa kijana wa miaka 24, aliona kaya zikihamishiwa katika vijiji vipya. Mwaka huo huo Azimio la Musoma likaagiza kwamba ifikapo 1977 kila mtoto awe shuleni. Agizo lilitoka juu, lakini mzigo wake waliubeba walimu mbele ya madarasa yaliyofurika. Mwezi Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, wilayani Kahama. Mwaka 2000 mgodi mpya ukafunguliwa Geita. Mwaka 2010 alitimiza miaka 60, umri wa kustaafu.

Hayo yote yameenea katika umri wa mtu mmoja. Kijana anayeponda mawe Nyarugusu aweza kudhani kuwa dhahabu ilianza siku alipofika yeye. Mjukuu wa mfanyakazi wa Mwadui huenda hajui kwamba almasi ziligunduliwa pale na Williamson mwaka 1940, wala kwamba jiwe la rangi ya waridi lililotoka huko mwaka 1947 lilitolewa zawadi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Asiyejua mali ya nchi yake ilikokwenda jana, atauliza nini kesho?

Bibi angeweza kumweleza. Lakini lipo jambo linalotutia uchungu mkubwa. Katika mikoa hiyo hiyo wanawake wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi ushahidi uliotolewa ni macho mekundu tu. Ndugu wasomaji, macho hayo yameharibiwa na moshi. Wamepika miaka mingi kwa kuni, na kwa mavi ya ng'ombe pale kuni zilipokosekana. Na aliyekuwa mwalimu aliongeza juu yake moshi wa kibatari, usiku akisahihisha madaftari ya watoto wa watu wengine. Anayemwinulia panga bibi huyo anamwua shahidi wa nchi, naye amejipa jina la mlinzi wa kijiji.

Basi yatupasa kutenda mambo mawili. Kwanza, kila kiongozi wa kijiji na kila mfanyakazi ahesabu usalama wa wazee kuwa ni kazi yake, wala asingoje polisi waje kuhesabu maiti. Pili, walimu waliopo kazini wawaite wastaafu hawa madarasani, na wajukuu wenye simu mfukoni wazitumie kurekodi sauti zao. Waulizeni pamba ilinunuliwa kwa bei gani, nani alihamishwa kutoka wapi, mgodini mshahara ulikuwa kiasi gani, na mvua zipi zilikosekana.

Tusingoje msiba ndipo tutafute kalamu. Bibi aliyezaliwa mwaka 1950 amekwisha kupita miaka sabini, na aliyoyaona hayamo katika faili lolote la ofisi.