Mpelelezi wa Gaborone na Birika Lake la Chai

Sogezeni mkeka, wajukuu zangu. Leo simsimulii sungura wala fisi. Nataka niwaeleze tamthilia moja ya upelelezi ambayo nimeirudia hadi najua chai itamiminwa wapi. Inaitwa The No. 1 Ladies' Detective Agency, na mambo yake yanatokea Gaborone, mji mkuu wa Botswana.

Wenyeji wa huko ni Batswana. Mmoja ni Motswana, lugha yao Setswana. Mmesikia? Waswahili, Mswahili, Kiswahili! Ndugu zetu wa mbali hao. Sehemu kubwa ya nchi yao ni Kalahari, na mvua inathaminiwa hadi fedha yao wameiita pula, yaani mvua.

Basi, yupo mama mmoja mnene, mcheshi, anaitwa Precious Ramotswe. Baba yake alihenyeka migodini Afrika Kusini na kununua ng'ombe mmoja mmoja. Alipofariki, binti akawauza baadhi, akafungua ofisi ya upelelezi. Vifaa vyake? Gari dogo jeupe, meza, simu, na birika la chai nyekundu. Lakini msidhani maisha yamembembeleza. Aliwahi kuolewa na mpiga tarumbeta aliyekuwa akimpiga, na mtoto wake mchanga alifariki. Labda ndiyo maana anajua kumsikiliza mtu mwenye uchungu bila kumkata kauli.

Sikieni kesi moja, kama ilivyo katika kitabu cha kwanza cha Alexander McCall Smith, kilichotoka 1998 na kuzaa tamthilia hii. Binti mmoja mwenye kazi nzuri anabishiwa hodi na mzee: “Mimi ni baba yako.” Anamkaribisha, anampikia, anamfulia. Siku zinapita, shaka inaingia. Nyinyi mngefanyaje? Mimi ningemuuliza maswali ya zamani, naye mzee angenidanganya. Mma Ramotswe anavaa sare ya muuguzi, anakwenda mbio kumwambia mzee kwamba binti amepata ajali, anahitaji damu ya baba, damu nyingi, na huenda mtoaji akafa. Mzee anatetemeka: “Mimi si baba yake!” Kumbe baba halisi alikuwa rafiki yake, na alishafariki.

Hilo neno “Mma” ni la heshima kwa mwanamke, na mwanamume huitwa “Rra”. Hata anapomhoji tapeli, Mma Ramotswe hasahau kumwita Rra. Hapo ndipo ninapompendea. Wapelelezi wengine wa kwenye televisheni huvunja milango. Huyu hupiga hodi, akaketi, akauliza habari za nyumbani, na mwenye siri akajikuta ameropoka.

Katibu wake, Mma Makutsi, ana miwani mikubwa na alama 97 kwa mia za chuo cha ukatibu. Atawakumbusha alama hizo mpaka mchoke, nami sichoki. Jirani yao ni BK, msusi mwenye maneno mengi, ambaye vitabuni hayumo. Televisheni ndiyo iliyomzaa. Kisha yuko fundi magari, Bwana J.L.B. Matekoni, mpole, anayempenda Mma Ramotswe na kushindwa kulisema. Aliyemwigiza ni Lucian Msamati, ambaye wazazi wake ni Watanzania. Kwa hiyo mkimwona anafuta grisi mikononi kwa haya, jueni ni mtoto wa nyumbani.

Nina nung'uniko dogo: Mma Ramotswe na katibu wake wameigizwa na Wamarekani, Jill Scott na Anika Noni Rose. Nilitamani Motswana. Lakini Jill Scott, ambaye kwao ni mwimbaji, akicheka tu nasahau. Na mandhari si ya kuigiza: walipiga picha Botswana kwenyewe, chini ya kilima cha Kgale.

Kipindi cha kwanza, kirefu kama filamu, kiliongozwa na Anthony Minghella. Alifariki Machi 2008, siku chache kabla hakijaonyeshwa Uingereza. Mwaka 2009 vikaja vingine 6, basi. Jumla 7! Hicho cha kwanza kina kisa cha mtoto aliyepotea na mambo ya uchawi, kinatisha kidogo. Wadogo msikitazame peke yenu. Niiteni, nami nitakuja na birika.