Butura darasani: tunajifunzaje kupatana?

Hebu fikiria darasa moja Muleba. Mwalimu anagawa vikaratasi vinne: mkulima, mnunuzi wa butura, katibu wa AMCOS, afisa ushirika. Kwa msomaji asiye wa Kagera, butura ni kuuza kahawa ingali mtini, tena kwa bei ya kutupa. Serikali inaipiga marufuku, lakini haiishi. Kwa nini?

Hapo ndipo igizo dhima linaposaidia. Mwanzoni kila mmoja anang'ang'ania msimamo wake. Afisa: "Sheria hairuhusu." Mkulima: "Kahawa ni yangu." Wanakwama. Roger Fisher na William Ury, katika kitabu chao cha 1981, walishauri tutafute kilicho nyuma ya msimamo, yaani haja. Mkulima akiulizwa vizuri atasema: shule zinafunguliwa Januari, kahawa inaanza kuvunwa Mei hivi. Kumbe tatizo siyo ukaidi, ni kalenda!

Sasa mazungumzo yanapata njia. Katibu anaweza kupendekeza mkopo mdogo wa ada, ukatwe kwenye mauzo. Afisa naye anauliza: mavuno yakikosekana, nani atalipa? Swali hilo msiliruke.

Na uongozi uko wapi? Mara nyingi uko kwa yule anayeuliza kabla ya kuamuru.

Mkijaribu, raundi ya pili badilishaneni vikaratasi. Mtoto wa mkulima aigize mnunuzi. Ataona kwamba bei ikishuka, au mvua ya mawe ikiangusha maua, hasara ni ya mnunuzi. Ndiyo maana bei yake iko chini vile.