Kiazi kitamu si kiazi kikuu, usikosee kama mimi

Hebu nikuulize: mteja akikuagiza ‘yam’ kilo hamsini, utampelekea nini?

Mimi nilichemka. Baada ya kuacha chuo kwa kukosa karo, nilianza kuuza vyakula vya shambani mtaani. Mwenye hoteli akaniagiza ‘yam’. Nikasaka kwa Google, nikaona picha za viazi vya rangi ya chungwa, mbio Marikiti. Alipofungua gunia alicheka, akaniambia, “Kijana, hivi ni viazi vitamu. Rudi navyo.” Pesa ya nyumba ilikuwa ndani ya magunia hayo.

Kumbe picha zile zilikuwa za Marekani. Huko, viazi vitamu vya rangi ya chungwa huuzwa kwa jina la ‘yam’. Wakulima wa Louisiana walilitumia miaka ya 1930 ili mazao yao yatofautishwe na yale meupe, na likashika.

Yam halisi ni kiazi kikuu, na hata ukoo wake ni mwingine. Asili yake ni Afrika na Asia. Hupanda juu ya mti au kijiti, ganda lake ni gumu kama gome, na usikile kibichi. Hukaa shambani miezi minane au zaidi. Hapa Kenya, tafuta Meru na Embu.

Kiazi kitamu kilitoka Amerika. Hutambaa chini, ganda lake ni jembamba, na miezi mitatu hadi mitano unavuna.

Sasa vile magunia yalikuwa yangu, nilichemsha viazi kidogo kidogo nikauza steji asubuhi. Viliisha! Ndipo nikaenda ushago, mama akanipa kipande cha shamba.

Huhitaji mtaji mkubwa. Omba marando kwa jirani, ila kataa yenye majani yaliyojikunja, hayo yana ugonjwa. Kata ncha za sentimita 30, panda juu ya matuta, ukiacha sentimita 30 kati ya miche na karibu mita moja kati ya matuta. Mbolea ikizidi utavuna majani tu. Udongo ukipasuka, fukia nyufa haraka, maana wadudu huingilia hapo na kutoboa viazi. Na ukichagua vya chungwa kama Kabode au Vitaa, unapata vitamini A pia.

Siku hizi mteja akiagiza, namtumia picha kwanza. Akisema “ndiyo hivyo”, ndipo natoa pesa mfukoni. Nawe fanya hivyo.